Biringanya la kuchoma la Kihindi: kwa nini linatoka majimaji, chungu na bila moshi

*"Nilikulia Tanga. Jirani yetu Mhindi alikuwa akituletea biringanya la kuchoma lililopondwa, lina viungo na majani ya kijani mengi, pamoja na mkate mnene wa rangi ya kijivu. Familia yao ilihama zamani na sikuwahi kuuliza linapikwaje. Sasa najaribu mwenyewe. Nafuata maelekezo niliyoyapata mtandaoni: nafunga biringanya kwenye foili, naoka kwenye oveni, namenya na kuliosha, naponda, nakaanga na kitunguu, nyanya nyingi na bizari ya pakiti. Kila mara linatoka majimaji, lina uchungu, halina ule moshi, na viungo vinanuka ubichi. Shangazi yangu anasema ninunue biringanya jike na nililaze kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Rafiki yangu anasema niingize jiko la mkaa jikoni nichomee hapo. Halafu nikilila midomo inaniwasha kidogo. Nakosea wapi? Nizidishe viungo?"*

Usizidishe viungo, ndugu yangu. Bizari ukiimwaga kwenye rojo ambalo bado halijakaangika, unaongeza ubichi juu ya ubichi. Umenitajia kasoro nne, na ninaelewa kwa nini zimekukatisha tamaa, lakini vyanzo vyake havifiki vinne. Maji yamebaki mahali ambapo yalipaswa kuondoka: ndiyo yanayofanya chakula kiwe chepesi, ndiyo yanayozuia viungo visiive, na uchungu nao kwa sehemu unatokana na hayo. Moshi umeuzuia kwa foili, na ule mdogo uliojipenyeza ukausuuza bombani.

Kabla sijaingia huko, kuna jambo moja katika barua yako limenifanya niisome upya. Umesema majani ya kijani mengi na mkate mnene wa kijivu. Maelekezo unayoyafuata, yenye nyanya nyingi na kitunguu maji, ni ya bharta, biringanya la kuchoma lililopondwa, la Punjab, kaskazini mwa India. Jirani yako, kwa dalili hizo, alikuwa akipika kile ambacho watu wa Gujarat, magharibi mwa India, hasa rasi ya Kathiawar, hukiita olo au oro. Mkate wa kijivu ni rotlo, mkate wa unga wa uwele. Majani ni ya vitunguu vya majani na ya kitunguu saumu kichanga, ambavyo kwao hupatikana kwa wingi majira ya baridi, na ndiyo maana olo kwao ni chakula cha majira hayo. Familia nyingi za asili ya Kihindi katika mwambao wetu zilitoka Gujarat, hasa sehemu za Kathiawar na Kutch. Wapunjabi nao wengi waliletwa kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, kwa hiyo Afrika Mashariki ina mapishi yote mawili, nyumba kwa nyumba. Hata ukiipika bharta ya Punjab ikatoka vizuri kabisa, ulimi wako ungeendelea kusema kuna kitu hakipo. Nitakueleza olo, na nitakuonyesha inapoachana na bharta.

Tuanze sokoni. Mwambie shangazi kwa heshima zote kwamba biringanya halina jike wala dume. Ua la mbiringanya lina sehemu za kike na za kiume ndani ya ua hilohilo, na kila tunda lina mbegu. Kile kishimo cha chini ambacho watu hukitazama ili kujua jinsia hutofautiana kwa aina ya mbegu na jinsi tunda lilivyokua. Lakini shangazi hajakosea kuwa na wasiwasi na mbegu. Biringanya lililokomaa kupita kiasi lina mbegu ngumu za kahawia, na hilo huwa chungu kweli. Utalijua kwa ganda lililofifia likaanza kuwa na rangi ya kutu, na kwa kubonyeza: ukikandamiza kidole gumba na kishimo kikabaki, liache. Likirudi mara moja, ganda linang'aa na kikonyo ni kibichi cha kijani, lichukue. Wapishi wa bharta hupenda lililo jepesi mkononi ukilinganisha na ukubwa wake, kwa kuwa kwa kawaida huwa na mbegu chache. Chagua la mviringo au lenye umbo la yai kubwa, gramu 400 hivi. Yale membamba marefu yana ganda jingi na nyama kidogo, yataungua kabla hujapata cha kuponda. Na nyanya chungu, ngogwe, usiiweke hapa kabisa. Ni jamii nyingine ya mmea, na uchungu ndiyo tabia yake.

Chumvi nayo ina kazi yake, ila si katika chakula hiki. Nyama ya biringanya bichi imejaa vinafasi vya hewa, ndiyo maana ukitia vipande vyake kwenye kikaango hunywa mafuta kama sponji. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye chembe za tunda, zinasinyaa, vile vinafasi vinajifunga, na mafuta hayaingii sana. Hiyo inafaa ukikaanga vipande. Kwa kuchoma zima, moto wenyewe utafanya kazi hiyo. Kulilaza kwenye maji ya chumvi usiku kucha kutakupa biringanya lililolowa, na wewe shida yako tayari ni maji.

Sasa moto. Watu wengi hudhani moshi wa olo unatoka kwenye viungo, ama kwenye mkaa. Unatoka kwenye ganda la biringanya lenyewe. Ganda linapoungua hadi kuwa jeusi na kubabuka, hutoa moshi ambao sehemu yake inaingia kwenye nyama iliyo chini yake. Wakati huohuo nyama inaiva kwa mvuke wa maji yake yenyewe, imefungiwa ndani ya ganda hilo. Ukilifunga kwenye foili, ganda haligusani na moto, haliungui, na moshi haupo. Unachopata ni biringanya la kuchemshwa kwa mvuke. Ni chakula, lakini sicho unachokitafuta.

Kwa hiyo jiko lako la gesi linatosha kabisa. Osha biringanya, lifute likauke vizuri, kisha lichane mara moja kwa urefu kwa ncha ya kisu, kina cha sentimita mbili hivi, uchungulie ndani. Biringanya hupendwa na funza ambao hutoboa tundu dogo sana nje na kuharibu ndani, na ukichana mapema utajua kabla ya kupoteza gesi. Katika mchano huo unaweza kusokomeza punje mbili za kitunguu saumu. Lipake mafuta kidogo sana, liweke moja kwa moja juu ya moto wa kati, na uligeuze kwa kulishika kikonyo kila baada ya dakika mbili tatu. La gramu 400 litachukua dakika 12 hadi 15. Litatoa sauti ya kuchuruzika, maji kidogo yatadondoka kwenye jiko, na jikoni kutanuka kuungua. Usiogope ukaliondoa. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: linaonekana jeusi, wanadhani limeiva, kumbe katikati bado gumu. Biringanya ambalo halijaiva vizuri hukaza ulimi, na watu huuita ukakasi huo uchungu. Pima karibu na kikonyo, maana pale ndipo panapoiva mwisho. Kisu kikiingia bila kukwama hata kidogo, na tunda zima likawa limelegea na kujikunja, limeiva.

Liweke kwenye bakuli, ulifunike kwa sahani dakika kumi ili mvuke ulegeze ganda. Kisha menya kwa vidole ulivyovichovya kwenye maji. Vidole tu ndivyo vinavyolowa. Bomba lisiguse nyama, kwa sababu maji yataondoka na kila ulichokipata motoni. Vipunje vichache vyeusi vikibaki si neno, ila mapande ya ganda lililoungua yaondoe yote, hayo ni machungu.

Hatua inayofuata maelekezo mengi huiruka, na kwako wewe ndiyo muhimu kuliko zote. Weka nyama kwenye chujio juu ya bakuli na uiache robo saa. Itatoa maji ya kahawia, wakati mwingine nusu kikombe kutoka kwa mabiringanya mawili. Yaonje. Yakiwa matamu yenye moshi, yahifadhi, utayarudisha mwishoni kidogokidogo ukiona chakula kimekauka. Yakiwa machungu, mwaga. Kijiko kimoja cha kuonja kinakwambia zaidi kuliko nitakavyoweza kukueleza kwa maandishi. Halafu katakata nyama kwa kisu juu ya ubao, au iponde kwa uma. Usitumie blenda. Itasaga mbegu na kukupa uji unaonata.

Tuje kwenye ubichi wa viungo. Harufu nyingi za viungo vya Kihindi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na zinahitaji joto kubwa ili zifunguke. Maji hayapandi zaidi ya nyuzi 100 yakichemka wazi. Maana yake ni kwamba maadamu rojo lako lina maji ya nyanya, unachemsha viungo, hata kama jiko linawaka kwa nguvu zote. Maji yakishakwisha, joto linapanda na kukaanga ndipo kunaanza. Dalili yake utaiona kwa macho: mapovu makubwa yenye mvuke yanapungua, rojo linageuka rangi na kuwa zito, mwiko ukiuburuta chini ya sufuria unaacha njia ambayo haijifungi haraka, na mafuta yanajitenga na kung'aa pembeni. Hapo sauti pia inabadilika, kutoka kutokota hadi kuchachatika. Ukitia biringanya kabla ya hapo, umerudisha maji kwenye sufuria na nafasi ya viungo kuiva imepita. Nina hakika kabisa hapa ndipo unapokosea, kwa sababu nyanya nyingi huchukua dakika kumi au zaidi kukauka na maelekezo mengi huandika dakika tatu.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Viungo vya unga havina maji ya kuvilinda, kwa hiyo kwenye mafuta makavu yenye moto mkali huungua kwa sekunde chache. Bizari za pakiti mara nyingi huwa na uwatu, na uwatu ukiungua ni mchungu sana. Kitunguu saumu kilichofikia weusi nacho hivyohivyo. Kwa hiyo ukisikia uchungu tena, kabla hujalilaumu biringanya, kumbuka mafuta yalikuwa na moto kiasi gani ulipotia unga. Kwa olo sitakushauri bizari ya pakiti hata kidogo. Viungo vyake ni vichache na kila kimoja kinasikika.

Kwa mabiringanya mawili, chukua mafuta vijiko vitatu vya chakula. Yakishapata moto, tia nusu kijiko cha chai cha mbegu za haradali, ufunike maana hurukaruka. Zikimaliza kupasuka tia nusu kijiko cha bizari nyembamba nzima, ambayo itabadilika rangi mara moja, kisha chembe ya mvuje. Mvuje utaupata maduka ya Kihindi, na hata kwa wauza dawa za asili, maana mwambao tunaujua zaidi kama dawa. Ule wa unga umechanganywa, mara nyingi na unga wa ngano, na unatiwa kwa ncha ya kijiko. Ule wa jiwe ni mkali mno, kipande kidogo kuliko punje ya choroko kinatosha. Mara tu baada ya mvuje, punguza moto na utie sehemu nyeupe za fungu moja kubwa la vitunguu vya majani, tangawizi iliyopondwa kijiko kimoja cha chai, kitunguu saumu na pilipili mbichi kiasi chako. Zikilainika, tia robo kijiko cha manjano, kijiko kimoja cha giligilani ya unga na pilipili ya unga ukipenda, pamoja na kijiko cha maji ili unga usiungue. Koroga hadi maji hayo yaishe na mafuta yaonekane. Ukitaka nyanya, iwe moja ndogo, na uisubiri ikauke kama nilivyosema. Sasa ndipo biringanya linaingia, na chumvi. Likaange ukiligeuza dakika tano hadi saba, hadi liache kutoa mvuke mwingi. Dakika ya mwisho mimina majani yote ya vitunguu, na majani ya kitunguu saumu, yakiwa yamekatwakatwa. Yasiive, yalegee tu.

Majani ya kitunguu saumu huenda usiyaone sokoni. Chomeka punje kadhaa kwenye kopo lenye udongo, uzimwagilie, na baada ya wiki mbili tatu utakuwa na cha kukata. Nakusihi ufanye hivyo. Nahisi ladha hiyo ndiyo unayoikumbuka kuliko zote.

Ukiitaka bharta ya Punjab siku nyingine, acha haradali na mvuje, tumia kitunguu maji kilichokaangwa hadi kahawia hafifu, nyanya tatu, na umalizie kwa kotmiri na garam masala kidogo. Wabihari, watu wa Bihar, mashariki mwa India, kwa upande wao hawakaangi kabisa: huponda biringanya la kuchoma na kitunguu kibichi, pilipili mbichi, chumvi na mafuta ya haradali, wakaliita chokha. Nakushauri uijaribu chokha mapema, hata kwa mafuta ya kawaida, kwa sababu haina mahali pa kuficha kosa. Ikitoka tamu, ujue uchomaji umeuweza, na kilichobaki ni sufuria tu.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako, jibu langu ni hapana, na hapa siachi nafasi ya majadiliano. Jiko la mkaa ndani ya chumba hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na imeua familia nzima usingizini. Dirisha moja lililo nusu wazi si kinga. Mkaa ni mzuri kwa biringanya, tena ni mzuri kuliko gesi, lakini uwe uani, kwenye hewa. Mtu akipata maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko la mkaa, mtoeni nje mara moja na mumpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu. Na kama huna pa kuchomea nje, na oveni ndiyo unayoitaka, oka bila foili kwa nyuzi 220 kwa dakika 40 hivi, kisha utafute moshi kwa njia ya dhungar: chakula kikishakuwa tayari, weka kibakuli kidogo cha chuma katikati ya sufuria, tia ndani kaa moja jekundu, lidondoshee nusu kijiko cha samli, funika dakika tatu, kisha ulitoe ulizime nje. Kaa moja kwa dakika tatu, milango ikiwa wazi, ni jambo tofauti na jiko zima linalowaka. Tumia mkaa wa miti ambao haujawashwa kwa mafuta ya taa. Moshi wa dhungar utausikia juu ya chakula zaidi kuliko ndani yake. Inasaidia, ila haifikii ganda lililoungua.

Sasa midomo yako. Biringanya lina histamini kiasi, na wapo watu ambao likiwa halijaiva sawasawa huwawasha mdomo kidogo kisha ikaisha. Inawezekana ni hilo tu. Lakini inawezekana pia ni mzio, wa biringanya au wa kiungo kimojawapo, haradali ikiwamo, na mimi siwezi kuupima kwa barua. Mwone daktari kabla ya kulipika tena, umweleze inaanza dakika ngapi baada ya kula na kama nyanya au viazi navyo vinakufanya hivyo. Usijipime mwenyewe nyumbani kwa kula zaidi. Ikitokea midomo au ulimi umevimba, koo limebana, umepata vipele mwilini au unapumua kwa shida, hiyo ni dharura, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Daktari akikuruhusu, liko jambo moja ambalo litahitaji mtu wa kukuonyesha ana kwa ana, nalo ni rotlo. Unga wa uwele hauna ule mnato wa ngano unaoshika chapati. Hukandwa kwa maji ya vuguvugu, kiasi cha mkate mmoja kwa wakati mmoja, kwa kiganja, hadi uwe laini na usipasuke kingo, kisha hutandazwa kwa kupigwapigwa kati ya viganja viwili, bila kifimbo. Maandishi hayafundishi mkono. Tanga bado haikosi mama wa Kigujarati anayeupika; uliza kwenye maduka ya viungo, uombe kusimama karibu naye asubuhi moja, ukiwa umebeba unga wako mpya, kwa kuwa unga wa uwele uliokaa sana huwa mchungu. Mpaka siku hiyo, olo linakwenda vizuri na chapati, kitone cha samli, kipande cha sukari guru pembeni na mtindi uliopigwa na maji na chumvi.